Nimemsamehe baba kwa mdomo, mbona mikono bado inatetemeka?

Swali

Shikamoo dada. Nina miaka 37, naishi Morogoro, ni wa kwanza kati ya watoto wanne. Mwaka 2002 nikiwa kidato cha pili baba aliondoka akaenda kuishi Mbeya na mwanamke mwingine, hakutuma hata shilingi, nikaacha shule nikawa namsaidia mama kuuza vitumbua ili wadogo zangu wasome. Mama amefariki 2017 na baba hakuja hata msibani. Mwaka huu kapata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki, yule mwanamke kamrudisha kwa shangazi Kilosa. Ukoo wamefungua grupu la WhatsApp la michango, shangazi anasema baba ni baba, nisipoenda nitapata laana. Nimeombewa, nimetamka msamaha mbele ya kanisa zima, nikajisikia mwepesi kama wiki mbili. Ila majuzi shangazi kamwekea baba simu sikioni, nikamsikia analia bila maneno, mikono ikaanza kutetemeka nikakata simu. Hakuja hata msibani, dada. Nataka kuutua huu mzigo niwe huru ila sijui kuutua ndo kufanya nini hasa.

Jibu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla sijaandika chochote, na nimeamua nianze na hiyo mikono, maana naona umeichukulia kama aibu, kama vile imekuumbua kwamba ule msamaha wa kanisani ulikuwa wa uongo. Haukuwa wa uongo. Ulikuwa wa kweli ila ulitoka mapema, na mwili wako haukushirikishwa. Mwaka 2001 kuna watafiti wa saikolojia kule Michigan, Marekani, wakiongozwa na mama mmoja anaitwa Charlotte vanOyen Witvliet, waliwaomba wanafunzi wa chuo wamfikirie mtu aliyewaumiza, mara kwa kinyongo, mara kwa kujaribu kumsamehe, huku wamefungwa vipimo mwilini. Walipokuwa kwenye kinyongo moyo ulienda mbio, presha ikapanda, jasho likaongezeka, paji la uso likakaza, na hata walipoambiwa haya basi pumzikeni, mengi hayakutulia palepale. Na hao walikuwa wamekaa kwenye kiti wanafikiria tu. We umeisikia sauti yenyewe, baada ya miaka zaidi ya ishirini, bila kuandaliwa, bila hata kuulizwa kama uko tayari. Mikono ingeachaje kutetemeka?

Sasa tuje kwenye ule wepesi wa wiki mbili. Kwetu kusamehe tumezoea kukufanya kama tangazo, mtu anasimama, anatamka, watu wanasema amina, imeisha. Chukulia mwenye duka la mtaani na lile daftari lake la madeni. Mteja akija akasema naomba nisamehe deni langu, mwenye duka anafungua daftari kwanza, anaona sukari kilo ngapi, mchele kilo ngapi, mafuta, sabuni, tangu mwezi wa ngapi, anajumlisha, akishaiona jumla ndo anaamua nakufutia lote, au nusu, au sikufutii. Akisema nimekusamehe bila kulifungua, siku atakayokosa hela ya kufuata mzigo atalifungua tu, na atakuta kila kitu kiko vilevile kwa wino. We umefuta deni ambalo hujawahi kulijumlisha. Na sikulaumu hata kidogo, ungelijumlisha saa ngapi, ulikuwa na miaka 14 na ndoo ya vitumbua kichwani, alafu baadaye ukawa kama mama kwa wadogo zako watatu.

Kosa hili nalijua vizuri kwa sababu na mimi nililifanya, kwa upande wa mshauri. Mwanzoni mwa kazi nilimpokea mama mmoja aliyekuwa na uchungu mzito wa mume wake, siku ya pili tu tunaonana nikamwambia msamehe, utapumzika. Aliitikia ndiyo, akashukuru, na hakurudi tena. Nimemfikiria sana yule mama. Nilimfunga mdomo kwa maneno mazuri. Tangu hapo mtu akikaa mbele yangu simwambii asamehe, namuuliza kwanza ulichukuliwa nini.

Wewe ni mtu wa kanisani, basi kamsome Yusufu tena, ila safari hii msome taratibu. Ameuzwa na ndugu zake, kafungwa, baadaye kawa mkubwa Misri, kapata mtoto wa kwanza akamwita Manase, kwa maana kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba yote ya baba yake. Yaani alishajitangazia kabisa kwamba nimesahau. Njaa ikaingia, ndugu zake wakaja kununua nafaka, na huyo aliyesahau akawageukia pembeni akalia. Wakaja mara ya pili akakimbilia chumbani akalia tena, akanawa uso akatoka. Mara ya tatu kalia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao wakasikia. Na kabla ya kujitambulisha aliwapima, aliwauliza maswali, alitaka kujua kama bado ni watu walewale. Hakuna mahali Mungu anamkemea kwa kuchelewa. Waislamu nao wanaye Yusufu huyuhuyu, na lile neno la kuwaambia leo hapana lawama juu yenu linakuja mwishoni mwa sura, baada ya yote kusemwa. Asa wewe shangazi anataka uanzie mwishoni.

Kuna msemo utausikia sana kipindi hiki, yaliyopita si ndwele tugange yajayo. Ni msemo mzuri kwa mambo yaliyopita kweli. Ila jeraha ambalo mpaka leo likiguswa linakutetemesha hilo bado ni ndwele, na ndwele haigangwi kwa kuigeuzia kisogo. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake mwaka 1987 walifanya jaribio moja jepesi sana, waliwaambia watu kwa dakika tano usimfikirie dubu mweupe, kila akikujia gonga kengele. Wakawa wanagonga tu. Na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, wale waliokuwa wamekatazwa walimfikiria zaidi kuliko wale ambao waliruhusiwa tangu mwanzo. Ndo kinachokutokea. Umejikataza kumfikiria baba miaka yote hii, ukishinda mchana unashindwa usiku, na nina uhakika kuna nyimbo huwezi kusikiliza na kuna harufu ya mafuta ya kukaangia inakurudisha jikoni kwa mama mwaka 2002 bila hata kuomba ruhusa.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali lako lenyewe, kuutua ni kufanya nini hasa, jibu langu ni hili, na naomba ulisome polepole. Unachokibeba si kumbukumbu. Unabeba kusubiri. Umesubiri tangu una miaka 14. Kwanza ulisubiri arudi, nadhani, kila basi la Mbeya likipita. Alafu ukasubiri atume hela. Alafu mama akafariki ukasubiri aje azike, na hapo ndo nilipoona jeraha lenyewe, maana kwenye barua fupi hivyo umeandika mara mbili kwamba hakuja hata msibani. Na sasa hivi unasubiri aseme. Unasubiri mdomo wake utamke nilikosea, mama yenu aliteseka kwa sababu yangu, wewe uliacha shule kwa sababu yangu. Sentensi tatu tu. Hizo ndo ungezipokea mikono ingetulia.

Na hapa lazima nikwambie kitu kigumu, nisipokwambia mimi sijui nani atakwambia. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo ndo mkono na mguu wa kulia vinalegea, na kwa watu wengi upande huohuo wa kushoto ndo unaotengeneza maneno. Wengine yanarudi kwa mazoezi, zaidi kwenye miezi ya mwanzo, wengine yanarudi kidogo, wengine hayarudi. Inawezekana kabisa zile sentensi tatu hazitakuja. Si kwa sababu hataki au anataka, ila chombo cha kuzisemea kimeharibika. Na kile kilio ulichokisikia, shangazi atakwambia unaona anavyojuta, analia kila akisikia jina lako. Huenda ni kweli anajuta. Lakini kiharusi chenyewe kinaweza kumfanya mtu alie bila mpango, akiona mgeni analia, akiletewa uji analia, machozi yanatoka hata pale ambapo moyoni hakuna huzuni ya kiasi hicho, wauguzi wanalijua sana hili. Kwa hiyo we, na mimi, na shangazi, hakuna anayejua kile kilio kilikuwa na maana gani. Uhuru wako ukiufunga kwenye kujua maana ya kile kilio utaufunga kwenye kitu ambacho huenda hakitafunguka kamwe.

Ndo maana nasema kuutua ni kuacha kusubiri. Ni kufika mahali ukasema deni lipo, jumla yake naijua, ni kubwa, na mdaiwa hana uwezo wa kulipa, sitakaa tena mlangoni kwake. Hujasema halikuwepo. Hujasema alifanya sawa. Umeondoka tu mlangoni. Robert Enright wa chuo kikuu cha Wisconsin, ambaye amekuwa akichunguza habari za msamaha tangu 1985, njia yake inaanzia kwenye kuifunua hasira na kuona imekula nini, uamuzi wa kusamehe unafuata baada ya hapo, na siku zote anatenganisha kusamehe na kupatana. Kusamehe unaweza ukafanya peke yako chumbani kwako. Kupatana kunahitaji watu wawili na aliyekosa awe amebadilika. Na kumhudumia mgonjwa ni jambo la tatu kabisa, unaweza ukamhudumia mtu ambaye hujamsamehe, manesi wanafanya hivyo kila siku kwa watu wasiowajua, na unaweza ukamsamehe mtu na usimhudumie kwa mkono wako. Shangazi amevifunga vyote kwenye furushi moja akakutwika. Vifungue.

Sasa jinsi ya kufanya, maana najua hapa ndo ulikuwa unapasubiri.

Tafuta daftari, lisiwe la biashara wala la kwaya, jipya kabisa. Chagua siku nne mfululizo ambazo una robo saa ya peke yako, hata kama ni saa kumi alfajiri kabla watu hawajaamka. Dakika 15 kila siku unaandika, bila kunyanyua kalamu, bila kujali herufi wala sarufi, changanya Kiswahili na kilugha kama vinakuja hivyo. Utaratibu huu ulijaribiwa na James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, walichapisha 1986, waliwaandikisha wanafunzi siku nne, dakika 15 kila siku, wengine mambo ya kawaida tu, wengine mambo yaliyowahi kuwaumiza zaidi maishani. Waliofaidika ni wale walioandika vyote viwili, kilichotokea pamoja na walivyojisikia. Kwenye miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Ila palepale baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi na presha ilipanda kidogo, kwa hiyo ukimaliza siku ya kwanza ukajiona umevurugika usidhani umekosea.

Siku ya kwanza andika alichochukua. Usiandike aliniumiza, hilo ni neno tupu. Andika kiatu cha shule ulichokiacha, andika jina la somo ulilokuwa unalipenda, andika saa ngapi mlikuwa mnaamka kukoroga unga wa mchele, andika mama alivyokuwa anasema ameshakula kumbe hajala. Siku ya pili andika ulichokuwa unasubiri, mwaka kwa mwaka, na hiyo ya msibani iandike yote, nani alikuja, nani alikuuliza baba yako yuko wapi, we ulijibu nini. Siku ya tatu mwandikie yeye. Barua ambayo haitatumwa. Mwambie lolote, hata yale ambayo mbele ya mchungaji usingeyatamka, Zaburi zina maneno makali kuliko hayo na ziko ndani ya Biblia. Siku ya nne usimwandikie yeye tena, mwandikie yule binti wa miaka 14. Na usimwambie vumilia, ameambiwa vumilia mpaka basi. Mwambie ulimwona.

Hiyo siku ya nne ndo watu wengi hulia kwa namna tofauti. Siku tatu za mwanzo ni kilio cha hasira, ya nne kinakuwa kilio cha msiba. Na ni msiba kweli. Mama yako ulimlilia, kulikuwa na matanga, watu walikaa na wewe, walipika, walikuimbia. Ila baba uliyempoteza 2002 hakuwekewa turubai, shule uliyoipoteza hakuna aliyekuja kukupa pole, utoto ule haukuzikwa. Mimi naamini kinyongo kingi tunachokibeba ni msiba ambao haukukaliwa matanga. Ukishaulilia kama msiba unaanza kupungua kama misiba inavyopungua, hauishi, ila unapata nafasi ya kupumua.

Kitu kingine, usifanye peke yako mwanzo mpaka mwisho. Aliyebeba ndoo imejaa kichwani anajua kuitua mwenyewe ni kumwaga nusu, unamwita mtu nitue, anashika upande wa pili. Tafuta wa kukutua. Kule Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006 alianzisha kitu wanakiita benchi la urafiki, aliwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsikiliza mtu mwenye mawazo. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, sawasawa na sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Walipopima huko Harare, matokeo yakachapishwa 2016, watu 573, wale waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hasemi samehe. Anauliza, anasikiliza, anakusaidia uchague tatizo moja kwanza lile mnaloweza kulishika. Wewe bibi wako ni nani? Asiwe mtu wa grupu la ukoo, na asiwe mtu ambaye kila ukisema anakuwekea aya ya Biblia juu yake kama kifuniko. Inaweza ikawa rafiki uliyekuwa naye sokoni, inaweza ikawa mdogo wako anayekufuata, maana na yeye ana ya kwake na nahisi hamjawahi kukaa mkayaongea.

Na nisikilize hapa. Ukiona hulali wiki nzima, au ile sauti inakurudia mchana kama vile iko chumbani, au unajikuta unafikiria bora nisingekuwepo, hiyo si ya daftari wala benchi, nenda hospitali. Watu wakisikia afya ya akili wanafikiri hospitali ya Mirembe kule Dodoma na minyororo, achana nao. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Morogoro nenda uliza kliniki ya afya ya akili, unaingia kama unavyoingia kupima presha. Na kama kwenye kuandika kukitokea kwamba baba alikuwa anapiga, au kulikuwa na mambo mengine ya mwilini ambayo hukuyaandika kwenye barua, basi mengi nitakayosema hapo chini kuhusu kwenda kumwona yasimame kwanza mpaka ukae na mtaalamu uso kwa uso.

Kuhusu laana. Najua hili linakulaza macho kuliko yote, sisi tumelelewa na radhi ya mzazi na hofu yake iko kwenye mifupa. Mimi si mchungaji ila miaka yote nimekaa na watu wanaotishiwa laana na nimeona jambo moja, wanaotishiwa huwa ni wale ambao tayari wanabeba. Yule aliyekimbia majukumu hatishiwi na mtu. Ulilea watoto watatu wa huyo mzazi, kwa vitumbua. Ulimzika mke wake. Kama kuna mtu kwenye ukoo huo ameshika wajibu kwa baba yako kwa miaka yote hiyo ni wewe, ulimshikia mahali pake. Akikwambia tena, mjibu kwa heshima, shangazi nimekusikia, naomba unipe muda, nikiwa tayari nitapiga mimi, na simu ya baba usiniwekee tena bila kuniuliza. Basi. Usieleze zaidi, ukieleza atapata pa kushika.

Na mchango, amua kwa kichwa, usiamue kwa woga. Kaa na wadogo zako wote watatu, sio peke yako tena safari hii, muulizane tunaweza kiasi gani kwa mwezi bila mtoto wa mtu kukosa ada, na kama jibu ni sifuri ni sifuri. Mkitoa, toeni kwa kitu kinachoonekana, dawa za presha au hela ya mazoezi ya viungo, tumeni moja kwa moja kwa anayemhudumia, na msitoe kwa matumaini kwamba mkitoa vya kutosha ipo siku atasema zile sentensi tatu. Ukihisi unatoa ili akuone, simama kwanza. Hapo umerudi mlangoni.

Shule. Hili hukuuliza ila nimeliona. Umeandika nikaacha shule, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya zamani bila kugeuza shingo. Mdogo wangu una miaka 37. Kuna mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani, ule tunaouita QT, ukiupita unaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kuna vituo vya elimu ya watu wazima vinavyofundisha jioni. Sikwambii lazima urudi, pengine maisha yako ya sasa unayapenda na biashara inaenda. Nakwambia tu kwamba kwenye yote aliyoyachukua hicho ndo kimoja ambacho hakihitaji yeye akirudishe. Wakati unakaa mlangoni kwake ukisubiri, hicho kilikuwa nyuma yako muda wote. Nenda hata kaulizie ada na tarehe za kujiandikisha, kuuliza hakuna gharama, alafu angalia mwili wako unasemaje ukiwa unatoka pale getini.

Mwisho kwenda Kilosa. Usiende kabla ya zile siku nne na kabla ya kukaa na mtu wako. Ukiamua kwenda nenda kwa sababu we mwenyewe unataka kumwona mtu huyu kabla hajafa, au unataka kumuaga yule baba wa kabla ya 2002, au unataka tu kujua anafananaje sasa, zote ni sababu halali. Usiende kusikia pole. Nenda na mdogo wako mmoja. Mwambie shangazi mapema kwamba mtakaa saa moja na hamtalala. Ukifika mikono itatetemeka, iache itetemeke, shika kikombe, shika kitenge chako, vuta pumzi itoke ndefu kuliko ilivyoingia. Ukitaka kumwambia kitu mwambie, mtu aliyepoteza maneno kwa kiharusi mara nyingi bado anaelewa mengi anayoambiwa, sema kwa sentensi fupi na pumzika katikati. Unaweza ukamwambia mama alifariki, tulimzika vizuri, wadogo zangu nimewasomesha. Hayo hayahitaji yeye ajibu, ni taarifa tu, na ni za kweli. Akilia, alie. Hulazimiki kumnyamazisha na hulazimiki kulia naye. Ukiona umefika mwisho, hata kama ni dakika kumi, inuka, aga, ondoka, na nauli ya kurudi iwe mfukoni mwako tangu asubuhi, usimtegemee mtu yeyote wa pale kukusindikiza.

Ukimaliza zile siku nne niandikie, hata mistari miwili, uniambie mikono inaendeleaje.